Vitendo Bila Swali ni Mapambo ya Darasa

Kila shule inayojinadi kwamba inafundisha Historia na Jiografia kwa vitendo ina meza ya maonyesho, na juu ya meza hiyo, karibu bila kukosa, kuna mlima wa volkano. Umefinyangwa kwa udongo au kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, umepakwa rangi ya kahawia, na kileleni una tundu. Mgeni rasmi akifika, mwanafunzi humimina siki juu ya magadi, povu jekundu linafoka na kutiririka, watu wanapiga makofi. Picha zinapigwa. Kundi zima linapata alama za mradi.

Shida ni kwamba volkano halisi hailipuki hivyo. Magma haikutani na siki popote. Ikiwa chini kabisa, kwenye shinikizo kubwa, magma hubeba gesi zilizoyeyuka ndani yake, hasa mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Inapopanda shinikizo hupungua, gesi zinajitenga, mapovu yanatanuka, na nguvu ya mapovu hayo ndiyo inayoirusha juu. Chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ingelieleza jambo hili kwa usahihi zaidi, tena bila gundi wala rangi. Mwanafunzi aliyeshinda wiki mbili akifinyanga mlima ametumia mikono yake, hilo halina ubishi. Ila alichojifunza kuhusu volkano ni kidogo kuliko ambacho angekisoma kwenye ukurasa mmoja wa kitabu, na sehemu ya hicho kidogo ni uongo.

Nimeanza na volkano kwa sababu ndiyo inayonichosha zaidi, lakini ugonjwa wenyewe ni mpana. Kuna ngome za kadibodi, piramidi za vijiti, mataji ya wafalme yaliyokatwa kwenye karatasi za kung'aa. Vyote hivyo vina sifa moja: haviwezi kumkosoa aliyevitengeneza. Ngome ikipewa minara mitano badala ya minne, gundi itashika vilevile. Atakayejua ni mwalimu peke yake, naye mara nyingi anatazama usafi wa kazi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha somo la vitendo: je, kitu ambacho mwanafunzi amekishika kinaweza kumkatalia? Kama hakiwezi, tukiite sanaa. Sanaa ni somo la heshima, lakini tusiliingize kwenye ratiba ya Jiografia kwa mlango wa nyuma.

Mto, kwa mfano, unajua kukataa. Hata mfereji wa maji ya mvua unatosha, alimradi maji yatembee na pasiwe na hatari ya mtu kuzama. Kundi la wanafunzi wanne linapima mita 10 kandokando ya maji kwa tepu. Mmoja anatupa chungwa juu kidogo ya mstari wa kuanzia, wa pili anashika saa, wa tatu anapiga kelele chungwa linapovuka mstari wa mwisho, wa nne anaandika. Chungwa linafaa kwa kazi hii kwa sababu linaelea huku sehemu kubwa yake ikiwa ndani ya maji, hivyo upepo hauliyumbishi ovyo kama jani kavu. Wanarudia mara tatu. Tuseme wamepata sekunde 14, 19 na 15. Papo hapo ubishi unaanza, na ubishi huo ndio somo: hiyo 19 imetoka wapi? Chungwa lilinasa kwenye mizizi? Mshika saa alikuwa anacheka na wenzake? Tuitupe, au tuiingize kwenye wastani?

Wakiiingiza, wastani unakuwa sekunde 16, yaani kasi ya kama mita 0.63 kwa sekunde. Lakini hiyo ni kasi ya maji ya juu, na maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruzana na mchanga na mawe, ndiyo maana wapimaji huizidisha kwa takriban 0.85. Inabaki 0.53. Kisha unakuja upana na kina. Mto wenye upana wa mita 3 na kina cha wastani cha mita 0.4 una eneo la mkato la mita za mraba 1.2, ukizidisha kwa kasi unapata kama mita za ujazo 0.64, sawa na lita 640, zinazopita kila sekunde. Hakuna hatua hata moja hapo isiyo na mwanya wa kukosea, na kila kosa lina mahali pa kulitafutia.

Utamu unakuja wanapopima sehemu tatu: juu karibu na chanzo, katikati, na chini kwenye tambarare. Ukiwauliza kabla ya kupima, karibu wote watasema maji yanakimbia zaidi huko juu. Macho yanawaambia hivyo, maana kijito cha mlimani kinapiga kelele na kurusha povu. Mwaka 1953 mwanajiolojia wa Marekani Luna Leopold alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kasi ya wastani ya mito, kwa kawaida, huongezeka kadiri inavyoteremka, kwa sababu mkondo unakuwa mpana na wenye kina zaidi, na sehemu ndogo tu ya maji yake ndiyo inayokwaruzana na kingo. Vitabu vya sekondari vimelichukua hilo na kuligeuza mchoro nadhifu. Sasa wanafunzi wanapima, na huko chini wanapata kasi ndogo kuliko ya katikati. Wanatazamana. Halafu wanafanya kile ambacho kila aliyesahihisha ripoti za uwandani amekiona: wanachakachua. Namba inarekebishwa kidogo, mchoro unafanana na wa kitabu, funika kombe mwanaharamu apite.

Lawama hapa si ya watoto. Wamefundishwa kwamba jibu lipo tayari na kazi yao ni kulifikia. Mwalimu anayejua anachokifanya angeishika namba ile "mbaya" kwa mikono miwili. Je, walipima kwenye kona, ambako maji ya upande wa ndani huenda polepole na ya upande wa nje hukimbia? Kulikuwa na mtu aliyechota au kuchepusha maji juu yake? Walipima siku ileile, au mvua ilinyesha katikati ya ziara? Pengine mto huo haufuati mchoro, na mchoro haukuwahi kuahidi kwamba kila mto utaufuata. Ripoti inayosema "tulipata kinyume, na hizi hapa sababu tatu zinazowezekana" ina jiografia nyingi kuliko ripoti kumi zilizonyooka.

Si lazima kuwe na mto. Fimbo iliyonyooka kwenye uwanja wa shule inafanya kazi ya ajabu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, msomi wa Kigiriki Eratosthenes alijua kwamba huko Syene, Aswan ya leo, jua la adhuhuri siku ndefu kuliko zote kwa mwaka halitupi kivuli, wakati Alexandria siku hiyohiyo linatupa kivuli chenye pembe ya sehemu moja ya hamsini ya duara, nyuzi 7.2. Umbali kati ya miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale. Zidisha kwa 50, umepata mzingo wa dunia: stadia 250,000. Shule mbili zilizo karibu na mstari mmoja wa longitudo, moja kaskazini ya nyingine kwa kilomita mia kadhaa, zinaweza kurudia kazi hiyo leo kwa fimbo, kipimapembe na simu ya kupeana namba. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo tofauti ya pembe inaonekana kwa macho.

Kinachonifurahisha kwenye zoezi hili si jibu la mwisho. Ni pale wanafunzi wanapogundua kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakikutokea saa sita kamili. Wameweka alama kila baada ya dakika tano, na kifupi kimetokea sita na dakika ishirini, au sita kasoro. Kuna atakayesema saa ya shule imeharibika. Saa ni nzima. Saa za nchi hufuata eneo zima la majira, wakati jua linafuata pale uliposimama, dakika nne kwa kila nyuzi ya longitudo. Juu yake kuna mchezo wa dunia yenyewe, kuinama kwake na njia yake isiyo duara kamili, unaoweza kuongeza au kupunguza hadi dakika kama 16. Somo la majira ya saa, ambalo wengi hulikariri kama kanuni ya hesabu na kulisahau wiki inayofuata, limejileta lenyewe.

Kwa walimu wa Historia hoja hii huonekana ngumu zaidi. Huwezi kuupima mwaka 1854 kwa tepu. Lakini tuuchukue mwaka huohuo. Usiku wa Agosti 31, kipindupindu kililipuka katika mtaa wa Soho, London. Ndani ya siku kumi watu zaidi ya 500 walikuwa wamekufa katika eneo dogo kuzunguka Broad Street, na hatimaye idadi ikafika 616. Wakubwa wa afya wa wakati ule waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji, hasa ya pampu moja iliyokuwa Broad Street, akawashawishi viongozi wa parokia waondoe mpini wake. Uliondolewa Septemba 8.

Kisa hiki kinasimuliwa darasani kila mahali, kwa kawaida kama hadithi ya shujaa: daktari akachora ramani, akaona, akaokoa mji. Kikisimuliwa hivyo hakina kazi yoyote kwa mwanafunzi. Fanya hivi badala yake. Usiwaambie mwisho. Wape ramani ya mtaa isiyo na kitu ila barabara, orodha ya nyumba na idadi ya waliokufa katika kila moja, na mahali pampu za maji zilipo. Waweke nukta kwa penseli. Wachore mpaka kati ya pampu moja na nyingine, mahali ambapo mtu angetembea umbali uleule kufika kwa yoyote kati ya hizo mbili; Snow mwenyewe alikuja kuchora mstari wa namna hiyo kwenye ramani yake. Ni kazi ya vipindi viwili mfululizo, na kelele zitakuwepo. Nukta zitajaa ndani ya mpaka wa pampu moja na watashangilia.

Hapo ndipo mwalimu anatoa bahasha ya pili. Karibu na pampu hiyohiyo kulikuwa na nyumba ya kuhifadhi maskini yenye watu 535, na waliokufa humo ni watano tu. Kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa. Huko Hampstead, mbali kabisa na Soho, amekufa mjane mmoja, na mpwa wake aliyemtembelea akafa pia aliporudi kwake Islington. Je, bado ni pampu? Waache wahangaike. Wapo watakaoiacha nadharia yao mara moja, wapo watakaong'ang'ania bila sababu, na wachache watauliza swali linalotakiwa: hao watu walikuwa wanakunywa maji ya wapi? Bahasha ya tatu inajibu. Nyumba ya maskini ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wanapewa pombe, nao pia walikuwa na kisima. Mjane wa Hampstead alikuwa ameyazoea na kuyapenda maji ya Broad Street, kwa hiyo alikuwa akiletewa chupa kwa gari la farasi. Vifo vilivyoonekana kuibomoa hoja ndivyo vilivyoisimamisha.

Ningeongeza bahasha ya nne, ambayo walimu wengi huiacha kwa kuwa inaharibu hadithi. Mpini ulipoondolewa, wagonjwa wapya walikuwa wameshaanza kupungua kwa siku kadhaa. Watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Basi mpini uliokoa wangapi? Na kuna kasisi wa mtaa huo, Henry Whitehead, aliyeanza uchunguzi wake nyumba kwa nyumba akitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea, na mwisho ushahidi wake mwenyewe ukamgeuza. Ndiye aliyebaini kisa cha mtoto mchanga wa nyumba namba 40 Broad Street, ambaye maji yaliyofulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la taka lililokuwa karibu sana na kisima. Mimi nikiambiwa nichague mtu mmoja wa kuwaonyesha vijana jinsi historia inavyofanywa, ningemchagua kasisi huyu kabla ya Snow.

Nyaraka nazo ni kitu cha kushikwa, na zinakataa vilevile. Sam Wineburg, mtafiti wa ufundishaji wa Historia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, aliwapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari nyaraka kuhusu mapigano ya Lexington ya Aprili 19, 1775, yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani. Swali la nani alifyatua risasi ya kwanza siku ile halijapata jibu hadi leo. Wanafunzi wale hawakuwa wajinga. Baadhi yao walikumbuka mambo ya kitabuni kuliko baadhi ya wanahistoria ambao utaalamu wao ulikuwa wa nchi na zama nyingine. Tofauti ilikuwa kwenye macho. Mwanahistoria alikimbilia kwanza chini ya karatasi: nani kaandika, lini, kwa nani. Mwanafunzi alianza mstari wa kwanza na kuteremka hadi mwisho, kila karatasi akiipa imani ileile kama kurasa za kitabu kimoja.

Hilo linafundishika, tena kwa mikono. Chukua maelezo ya kiapo ya walowezi wa Lexington yaliyokusanywa siku chache baada ya mapigano ili yapelekwe London, na taarifa za maofisa wa Uingereza kwa wakubwa wao. Viondolee majina na tarehe. Wape wanafunzi mkasi na gundi (naam, gundi ileile niliyoitukana), wapange vipande kwa kuaminika kwake. Kisha toa majina, wapange upya. Kundi linalobandua karatasi na kuihamisha huku likijieleza linafanya kazi ya mwanahistoria. Mtafiti Avishag Reisman aliyafuatilia mafunzo ya namna hii kwa wanafunzi 236 wa sekondari tano huko San Francisco, akachapisha matokeo mwaka 2012: waliofundishwa kwa nyaraka waliwashinda wenzao katika kufikiri kihistoria, na pia katika kukumbuka matukio yenyewe. Hilo la pili liwafikie wale wanaosema vitendo vinaiba muda wa "maudhui".

Vitu navyo husema. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani aliyefungua shule yake ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896, alieleza jinsi watoto walivyopewa pamba na sufu mbichi. Kundi moja lilichambua pamba kwa dakika 30, likitenganisha nyuzi na mbegu kwa vidole, likaambulia chini ya aunsi moja, yaani haifiki gramu 29. Hapo swali la kwa nini watu wa kale walitangulia kuvaa sufu lilianza kujibika lenyewe. Wale walikuwa watoto wadogo. Mpe kijana wa sekondari pamba hiyohiyo, kisha umfikishe kwenye mashine ya kuchambulia pamba ya Eli Whitney, iliyopata hataza mwaka 1794, kisha umuulize: mashine inayorahisisha kazi ngumu ingepaswa kupunguza mahitaji ya watumwa, mbona kusini mwa Marekani yaliongezeka? Vidole vyake vinavyouma vinamwambia kwamba kilichokuwa kinazuia ni uchambuaji. Kilipoondoka, kizuizi kilichofuata kikawa ardhi na mikono ya kuvuna.

Hata hivyo mikono ina mpaka, na mpaka huo ufundishwe. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwei alielea siku 101 kwa chelezo cha magogo kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia, kuthibitisha kwamba watu wa visiwa hivyo wangeweza kuwa wametoka Amerika ya Kusini. Safari ilifaulu. Lakini lugha, mazao, vitu vya kale na vinasaba vyote vinaelekeza asili kuu ya Wapolinesia upande wa Asia. Jaribio lilionyesha kwamba jambo liliwezekana; kwamba lilitokea ni kesi nyingine. Mwanafunzi anayevuta jiwe kwa kamba na magogo kisha akatangaza "hivi ndivyo piramidi zilivyojengwa" ameruka shimo hilohilo.

Kuna aina moja ya vitendo ambayo naipinga waziwazi, nayo ni ile ya kuwafanya wanafunzi waigize mateso. Mwaka 1967 mwalimu Ron Jones wa shule ya sekondari ya Cubberley, Palo Alto, California, aliulizwa na wanafunzi wake wangewezaje Wajerumani kukubali unazi. Akaanzisha darasani harakati ya bandia yenye nidhamu, salamu na kauli mbiu. Iliwapendeza mno. Wanafunzi wakaanza kuchongeana, idadi ikavuka darasa lake, na baada ya siku tano ilibidi aivunje kwa kuwakusanya na kuwafunulia walikokuwa wanaelekea. Kisa hiki husifiwa kama somo kuu. Mimi naona mtu mzima aliyefanya jaribio kwa watoto bila idhini ya mtu yeyote, na akaponea chupuchupu. Vivyo hivyo kwa walimu wanaowapanga wanafunzi sakafuni "wajue walivyohisi watumwa". Hawatajua. Watakachojua ni aibu, au kicheko, na darasani huenda yumo ambaye jambo hilo ni habari ya babu zake.

Penye mateso, pima usiigize. Mchoro wa meli ya Brookes ya Liverpool, uliochapishwa mwaka 1788 na wapinga biashara ya utumwa, unaonyesha watu 454 waliopangwa kama magogo, idadi iliyoruhusiwa na sheria mpya ya Uingereza ya mwaka huo. Kabla ya hapo meli ilishabeba hadi 609. Mwanamume mzima alipewa futi 6 kwa futi 1 na inchi 4. Wanafunzi wabadilishe vipimo: kama sentimita 183 kwa 41. Wachore mistatili hiyo kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, wahesabu imeingia mingapi, wakisimama pembeni. Hakuna anayelala ndani yake. Halafu waulize swali la mwanahistoria: mchoro huu ulitolewa na wanaharakati, sasa tuuamini kwa kiasi gani? Jibu linahitaji kujua kwamba vipimo vya meli vilichukuliwa na ofisa wa jeshi la majini aliyetumwa na serikali. Hesabu hizo zina uzito usiopatikana kwenye maigizo yoyote.

Kuhusu kuwahoji wazee nitasema machache, maana ndiyo kazi rahisi kuiandaa na rahisi kuiharibu. Mwanahistoria Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake kwa Wakuba wa Kongo miaka ya 1950, aliwashawishi wanahistoria kwamba masimulizi ni chanzo halali kikipewa ukaguzi uleule wa maandishi. Ukaguzi ndio unaosahaulika shuleni. Mzee mmoja akihojiwa ni hadithi. Wazee wawili wakihojiwa kila mmoja kwake kuhusu mafuriko yaleyale, kisha maneno yao yakalinganishwa na gazeti la wakati ule au rekodi za mvua, sasa kuna kazi. Watatofautiana mwaka. Huenda wakatofautiana hata nani alisaidia. Na kijana aende na adabu, aombe ruhusa ya kurekodi, asimrudi mzee usoni kwa kuwa gazeti linasema vingine.

Wapinzani wa vitendo wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote imeandikwa na watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark mwaka 2006: kumwachia mgeni wa somo agundue mwenyewe bila mwongozo kunaijaza akili yake mambo mengi kwa mpigo, na anajifunza kidogo kuliko aliyeelezwa wazi. Naikubali karibu yote. Mwanafunzi asiyejua kipindupindu ni nini hatapata kitu kwenye zile bahasha. Kwa hiyo mwalimu aeleze, aandike ubaoni, atoe hata maswali ya kukariri, ndipo vitu vishikwe. Waliosoma hoja hii kama ruhusa ya kurudi kwenye notsi tupu wameisoma nusu. Walichokipinga ni kukosekana kwa mwongozo, na bahasha nne zilizopangwa kwa mfuatano ni mwongozo mkali kweli.

Hoja ya madarasa makubwa naiona dhaifu kuliko inavyopigiwa debe. Makundi kumi na tano yakipima kivuli kimoja yanatoa majibu kumi na tano, na mtawanyiko wa majibu hayo ni somo ambalo darasa la watu kumi halilipati. Ukubwa unaumiza kwenye ziara za mbali, kwenye usalama na kwenye usahihishaji. Uwanja wa shule haujali.

Kikwazo chenyewe ni mtihani. Mwalimu si mjinga; anafundisha kinachoulizwa. Uingereza ni mfano wa kutazama. Huko mwanafunzi wa Jiografia wa ngazi ya A-level anatakiwa kuwa na angalau siku nne za kazi ya uwandani, na anaandika uchunguzi wake binafsi wenye asilimia 20 ya alama. Kwa ngazi ya chini yake, GCSE, ripoti ya namna hiyo iliondolewa katika mageuzi ya muongo uliopita, mojawapo ya sababu ikiwa wasiwasi juu ya msaada ambao wanafunzi walikuwa wakipata, ikawekwa badala yake kwamba watoke angalau mara mbili kwenye mazingira tofauti, kisha waulizwe habari za uwandani ndani ya chumba cha mtihani. Wengi wameliona hilo kama kurudi nyuma. Mimi sina hakika. Ripoti iliyoandikwa nyumbani inaweza kuandikwa na shangazi, na siku hizi na kompyuta. Swali zuri la chumbani haliandikwi na yeyote ila mtahiniwa.

Lakini liwe zuri kweli. "Taja hatua tano za kupima kasi ya mto" linakaririka na mtu ambaye hajawahi kulowa. Afadhali jedwali lenye vipimo vya sehemu sita za mto, kimoja kikiwa nje ya mstari, na chini yake: ungekitupa kipimo kipi, kwa nini, na ungerudi kupima nini kabla ya kuamua? Kwa Historia, nyaraka mbili zinazopingana, na swali la ni karatasi gani ya tatu ungeitafuta, na wapi. Hapo majibu mawili yanayotofautiana yanaweza yote kustahili alama kamili, jambo linalomtaka msahihishaji asome kila sentensi badala ya kutafuta neno kuu na kupiga vema. Wasahihishaji watalalamika, na watakuwa na haki ya kudai walipwe zaidi.